Je, Wajua? Ngozi Isiyouma Ndiyo ya Kuogopwa

Je, wajua kwamba katika magonjwa ya ngozi, kinachouma mara nyingi ndicho chenye nafuu? Jipu huuma, upele huwasha usiku kucha, na mwenye hayo haoni aibu kuamka alfajiri kwenda kutafuta dawa. Magonjwa makubwa hayana kelele hiyo. Baka la ukoma haliumi. Uvimbe wa Buruli hauumi. Kidonda cheusi cha kimeta hakiumi. Saratani ya wayo haiumi mpaka muda umeshapita. Mwuguzi wa kituo cha afya katika wilaya ya Opala, kando ya mto Lomami, hana daktari wa ngozi wa kumwita, na njia ya kwenda Kisangani ni pikipiki, tope na mtumbwi. Alicho nacho ni macho, vidole na swali moja la kuuliza kabla ya mengine: panauma?

Wajua namna ya kupima ukoma bila maabara? Pamba kidogo, iliyosokotwa ncha, inatosha. Mwonyeshe mgonjwa kwanza utakachofanya, kisha afumbe macho. Gusa ngozi nzima, gusa baka, gusa tena ngozi nzima, naye aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa. Mwenye choa atahisi. Mwenye mbalanga atahisi pia, na baka lake ni jeupe kama maziwa, wakati la ukoma kwenye ngozi nyeusi limepauka tu au lina rangi ya shaba. Akipitwa na mguso kwenye baka, umeshapata jibu. Halafu papasa nyuma ya kiwiko, upande wa ndani: mshipa wa fahamu unaopita hapo, ukiwa umenenepa, unaongeza uhakika.

Vimelea vya ukoma hukaa mwilini wastani wa miaka 5 kabla ya dalili, na wakati mwingine hupita miaka 20. Kongo bado ni miongoni mwa nchi za Afrika zinazogundua wagonjwa wapya wengi, zaidi ya 1,000 kila mwaka. Dawa ni za bure duniani kote tangu 1995, hunywewa miezi 6 au 12, na tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza waliokaa karibu na mgonjwa wapewe dozi moja ya rifampisini ya kuwakinga. Kwa hiyo swali la pili baada ya "panauma?" ni "nani analala nawe nyumba moja?"

Tshopo ina historia yake katika jambo hili, na inastahili kujulikana zaidi. Yakusu, kwenye mto Kongo chini kidogo ya Kisangani, misheni ya Wabaptisti wa Uingereza ilikuwa na hospitali ambako daktari Clement Chesterman alipambana na malale katika miaka ya 1920. Akamfuata Stanley Browne, aliyefika 1936 na kukaa mpaka 1959. Browne alitembea vijijini, akapima ngozi za watu, akachunguza usubi, na kule Yalisombo akajenga makazi ya wagonjwa wa ukoma ambako dapsoni ilianza kutumika mapema. Hata hivyo, madaktari hao wawili wasingefika popote peke yao. Waliofanya kazi kubwa ni vijana wa Kikongo waliofundishwa uuguzi Yakusu na kupelekwa kwenye zahanati za msituni, wakajifunza kutambua baka, kidonda na uvimbe pasipo mtu wa kuwasimamia. Majina yao hayamo katika vitabu vingi, na hilo ni pengo.

Browne huyohuyo, baada ya kuhamia Uzuakoli nchini Nigeria, alitoa mwaka 1962 taarifa ya kwanza ya kutibu ukoma kwa klofazimini. Leo dawa hiyo ni moja ya tatu zinazotolewa pamoja. Ina kasoro inayoonekana: huifanya ngozi kuwa nyeusi zaidi au yenye wekundu wa matofali, na mgonjwa asiyeelezwa mapema huacha dawa kwa hofu ya kutambuliwa mtaani. Rangi hupungua polepole baada ya matibabu kwisha. Mwambie siku ya kwanza, si siku aliyokwisha kukimbia.

Na kidonda cha Buruli? Jina lilitoka wilaya ya Buruli nchini Uganda, walikoonekana wagonjwa wengi katika miaka ya 1960, lakini daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo, Kampala, alikwisha kuandika kuhusu vidonda vya namna hii mwaka 1897. Kwa Kongo, Songololo mkoani Kongo Central ndiko kunakojulikana zaidi. Huanza kama kinundu kigumu chini ya ngozi, au uvimbe wa mkono mzima, bila homa na bila maumivu, kwa sababu kimelea chake hutoa sumu inayoua nyama na kutia ganzi kwa pamoja. Kikipasuka, kingo zake zimechimbika kwa chini: kijiti cha pamba safi huingia chini ya ngozi inayoonekana nzima. Zamani dawa ilikuwa kisu. Sasa ni rifampisini na klarithromisini kwa wiki 8.

Kimeta, kwa haraka: kidonda chenye gamba jeusi katikati, hakiumi, na uvimbe unaokizunguka ni mkubwa kuliko kidonda chenyewe. Uliza kama mgonjwa alichuna au alikata nyama ya mnyama aliyekutwa amekufa. Usikipasue. Antibiotiki za kawaida hukiponya zikitolewa mapema.

Sasa geuza kanuni. Je, wajua kwamba maumivu makali kuliko kinachoonekana ni hatari ya saa, si ya siku? Mtu ana mguu uliovimba kidogo, ngozi bado nzima, naye analia kwa maumivu yasiyostahimilika. Huenda maambukizi yanakula utando ulio chini ya ngozi na kukimbia kuelekea juu. Baadaye ngozi hubadilika kuwa ya zambarau, hutoa malengelenge, na maumivu hupotea, kwa kuwa mishipa ya fahamu imekufa. Utulivu huo humdanganya mgonjwa na humdanganya mwuguzi. Huyu ni wa upasuaji, na rufaa yake haisubiri kesho.

Maumivu mengine ya kuogopwa ni ya ngozi inayowaka kama iliyomwagiwa maji ya moto, pamoja na vidonda mdomoni, machoni na sehemu za siri. Albert Stevens na Frank Johnson waliueleza ugonjwa huu New York mwaka 1922 kwa watoto wawili. Mwaka 1956 Alan Lyell akaeleza sura yake kali zaidi, ambapo ngozi hubanduka. Ikibanduka chini ya asilimia 10 ya mwili, tunaiita kwa majina ya Stevens na Johnson. Ikipita asilimia 30, hufariki takriban mgonjwa 1 kati ya 3. Chanzo mara nyingi ni dawa iliyoanzwa wiki 1 hadi 4 nyuma: kotrimoksazoli, nevirapini, dawa za malaria zenye salfa, karbamazepini, fenobabito.

Fenobabito inatuhusu hasa sisi wa mito yenye maporomoko. Nzi anayeeneza usubi huzaliwa kwenye maji yaendayo kasi, na utafiti uliofanywa Bas-Uélé na Ituri umeonyesha kwamba palipo na usubi mwingi usiotibiwa, kifafa nacho ni kingi kwa watoto. Kifafa hutibiwa kwa fenobabito. Basi kila mtoto anayeanza dawa hiyo, mama yake aambiwe: akiona malengelenge au midomo imechubuka, aiache leo hii na aje kituoni siku hiyohiyo, kwa sababu dawa ya kifafa ikikatwa ghafla huleta degedege na mtoto hana budi kupewa nyingine badala yake.

Nairobi ilijifunza somo hili kwa uchungu. Utafiti uliochapishwa 1991 ulionyesha kuwa thiasetazoni, dawa ya bei nafuu ya kifua kikuu, ilikuwa ikiwababua na kuwaua wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likashauri wasipewe tena. Tahadhari hiyo ilitokana na wahudumu walioangalia ngozi na kuhesabu.

Wajua pia kwamba swali la mdudu wa jichoni lilichora ramani ya Afrika ya Kati? Ivermektini, dawa ya usubi, inaweza kumtia mtu kwenye koma akiwa na minyoo ya loa mingi mno katika damu. Watafiti hawakuwa na darubini za kutosha msituni, hivyo waliwauliza wanakijiji kama wamewahi kuona mnyoo ukitambaa kwenye weupe wa jicho na kutoweka ndani ya siku chache. Vijiji ambako watu wengi walisema ndiyo vikawekwa alama ya tahadhari. Mgonjwa mwenye uvimbe wa mkono unaokuja na kwenda bila sababu aulizwe swali hilohilo.

Tuje kwenye mpox, kwa sababu Opala imezungukwa nayo. Mtu wa kwanza duniani kujulikana kuwa nayo alikuwa mtoto wa kiume wa miezi 9, aliyelazwa katika hospitali ya Basankusu, Équateur, mwaka 1970. Katika familia yake ni yeye peke yake aliyekuwa hajachanjwa ndui. Alipona mpox. Kabla hajarudi nyumbani akapata surua, na surua ikamuua. Sijui habari nyingine ya tiba inayoeleza maisha ya mtoto wa msitu wetu kwa ukamilifu namna hiyo.

Mpox na tetekuwanga hutenganishwaje? Katika mpox, homa na mitoki hutangulia: shingoni, kwapani, kinenani. Vipele huanza usoni, hushuka mikononi na miguuni, hufika viganjani na nyayoni. Ni vigumu, vimezama, vingine vina kishimo katikati, na katika sehemu moja ya mwili vyote huwa vya umri mmoja. Tetekuwanga hupenda kifua na mgongo, huwa juu juu, na kando ya lengelenge jipya utaona gamba la zamani. Mitoki kwa kawaida haipo. Aina ya mpox iliyotambuliwa Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023 imevuruga mpangilio huu kidogo, kwa kuwa huweza kuanza na vipele vichache tu vya sehemu za siri.

Lakini usikate shauri kwa macho peke yake. Wagonjwa wa Kongo waliopimwa kwa miaka kadhaa walionyesha kwamba takriban mmoja kati ya kumi alikuwa na mpox na tetekuwanga kwa pamoja. Sampuli bora ni gamba lenyewe au majimaji ya kipele. Damu haisaidii sana. Andika tarehe ya kipele cha kwanza, maana tarehe hiyo husaidia kujua ni nani wa kufuatiliwa; kisha kila aliyemgusa mgonjwa huhesabiwa siku 21 tangu mguso wa mwisho.

Nyani anabebeshwa lawama isiyo yake. Kirusi kiligunduliwa 1958 katika nyani wa maabara huko Copenhagen, Denmark, na ugonjwa ukabaki na jina la ndui ya nyani hadi 2022 lilipobadilishwa kuwa mpox. Porini, wanaoshukiwa zaidi ni wanyama wadogo wagugunaji. Mwaka 1985 kirusi kilipatikana Kongo kwa kindi wa msituni aliyekuwa mgonjwa. Nyani huambukizwa kama sisi. Na hili je, la Opala yenyewe: mwezi Juni 2007 watafiti wa kikundi cha John na Terese Hart walimkuta nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi ya Opala mtoto wa kima wasiyemtambua. Wenyeji walimwita lesula. Miaka 5 baadaye sayansi ikamwandika kama spishi mpya, kwa jina la mto Lomami. Watu wa Opala walikuwa wakimwona miaka yote. Nalitaja kwa sababu wawindaji na akina mama wa huko huona pia ngozi kabla ya sisi wenye makoti meupe, na taarifa zao zinastahili kuandikwa kwenye daftari la kituo.

Angalia mkono wa mzee. Kovu la chanjo ya ndui, iliyoachwa baada ya ndui kutangazwa kumalizika mwaka 1980, bado linamkinga kwa kiasi. Utafiti uliofanywa Sankuru na kuchapishwa 2010 ulikuta mpox imeongezeka mara 20 ikilinganishwa na miaka ya 1980, na waliokuwa na chanjo hiyo walikuwa na hatari ndogo mara 5 hivi. Vijana hawana kovu hilo. Walilo nalo ni la BCG, la kifua kikuu. Tusiyachanganye.

Jambo linalonipa moyo kuliko yote lilitoka Tunda, mkoani Maniema, na Kole, mkoani Sankuru. Huko wagonjwa 597 wa mpox waligawanywa: wengine wakapewa tecovirimat, wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yaliyotangazwa Agosti 2024, siku moja tu baada ya dunia kuingia katika tahadhari ya dharura, yalionyesha kuwa dawa haikufupisha siku za vidonda. Wengine waliishia hapo, wakahuzunika. Mimi naitazama namba nyingine: katika makundi yote mawili vifo vilikuwa asilimia 1.7, wakati kwa wagonjwa wa mpox nchini kwa jumla vilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Tofauti hiyo huenda ililetwa na kulazwa, chakula, maji, usafi wa vidonda, antibiotiki kwa vilivyooza, na mtu wa kumwangalia mgonjwa usiku. Kazi ya mwuguzi, basi.

Je, wajua kwamba wekundu unaoelezwa na vitabu vingi hauonekani kwenye ngozi yetu? Penye uvimbe moto, ngozi nyeusi huzidi weusi, huwa ya zambarau au ya kijivu. Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari London, aliliona pengo hilo na mwaka 2020 akashiriki kutoa kitabu cha dalili katika ngozi nyeusi. Kilipaswa kuwepo muda mrefu.

Hapa kwetu si jambo la kitabuni. Mwaka 2021 homa ya uti wa mgongo ililipuka Banalia, Tshopo hiihii, na zaidi ya watu 200 wakafariki. Bakteria wa homa hiyo huweza kuleta madoa ya damu chini ya ngozi, yasiyofifia ukiyabonyeza. Kwenye mgongo mweusi yanapotea. Fungua kope la chini, angalia kaakaa, viganja, nyayo. Mtoto mwenye homa na madoa hayo apewe sindano ya antibiotiki sasa, kisha ndipo utafute gari.

Na tukiwa bado kwenye damu: Profesa Jean-Jacques Muyembe aliionaje Ebola mwaka 1976 Yambuku, kabla haijawa na jina? Alipochomoa sindano kwa wagonjwa, damu haikuacha kutoka pale ilipochomwa. Ameisimulia mara nyingi: tundu dogo la sindano, na mikono yake iliyojaa damu. Aliosha kwa sabuni na maji.

Saratani nazo. Moritz Kaposi alieleza mwaka 1872 uvimbe unaobeba jina lake. Mashariki mwa Kongo na Uganda ulikuwa ukijulikana vizuri kabla ya UKIMWI. Ni vinundu vya zambarau au vyeusi, haviumi, mara nyingi miguuni, na mguu huvimba ukawa mgumu. Fungua mdomo, angalia kaakaa. Kirusi chake kilipatikana 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore. Melanoma, kwa watu weusi, hupenda wayo na chini ya ukucha: Bob Marley alikuwa nayo kwenye kidole gumba cha mguu, ikagunduliwa 1977, na akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Doa jeusi la wayo linalokua halichomwi kwa chuma wala kwa dawa ya kienyeji. Lipelekwe likakatwe na kupimwa.

Buba ya watoto, yenye vidonda vya manjano kama uyoga kwenye miguu, ilikaribia kutoweka kwa penisilini katika miaka ya 1950 na 1960, kisha ikaachwa irudi. Tangu 2012 inajulikana kuwa azithromisini ya kumeza, mara moja tu, inaiponya sawa na sindano.

Noma iliingizwa katika orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa Desemba 2023. Huanza na fizi inayotoka damu kwa mtoto mwenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua, na ndani ya siku chache shavu linatoboka. Isipotibiwa huua hadi 9 kati ya 10. Ikikamatwa kwenye fizi, antibiotiki, kusukutua mdomo na chakula hutosha. Kwa hiyo kila mtoto mwenye miguu iliyovimba kwa utapiamlo na ngozi inayobanduka kama rangi ya ukuta mkongwe, ambaye wengi humdhania ana ukurutu, achunguzwe mdomo.

Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, kipo tangu 1992 chuo kinachowafundisha maofisa tabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika utabibu wa ngozi kwa miaka 2. Pia kinatengeneza mafuta ya kujikinga jua kwa ajili ya wenye ualbino. Tshopo ingefaidika mno kwa kupeleka hata wawili.

Hadi hapo, simu. Unapomtumia daktari wa Kisangani picha, omba ruhusa ya mgonjwa na ufiche uso. Msimamishe kando ya dirisha, mwanga ukitoka ubavuni ili uvimbe utoe kivuli; usitumie taa ya simu, maana huifanya ngozi nyeusi ing'ae na kuficha kila kitu. Piga moja ya mbali na moja ya karibu, ukiweka sarafu au kalamu pembeni. Kisha piga viganja na nyayo, hata kama mgonjwa hakuvilalamikia, na chini ya picha andika tarehe ugonjwa ulipoanza na kama panauma.